Walii Yuko Umbali Gani

Makindye, Kampala
18 Januari 2025

Kaka Latif,

Amani ikufikie hapo ulipo, hata kama huruhusiwi kuniambia ni wapi. Sisi wa nyumbani ni wazima. Goti la Mama limepunguza maumivu tangu aache kupanda ngazi za Kikuubo kutafuta vitambaa vya bei ya chini. Sasa anamwagiza Baba Mdogo Asuman, kisha anagombana naye kuhusu rangi. Nabilah wa nyumba ya pili amejifungua mtoto wa kiume na amempa jina lako. Nilimwambia asije akatulaumu baadaye.

Nakuandikia kwa Kiswahili kama ulivyoagiza. Najua barua zinasomwa kabla hazijakufikia, na huyo anayezisoma hajui Kinubi, lugha yetu ya nyumbani. Mama anasema kumwandikia ndugu yako kwa lugha ya kambini ni kama kumpelekea amri. Mimi naona ni nafuu. Kwa Kiswahili naweza kujipanga.

Barua hii nitaipeleka kambini mwenyewe, na lile lango bado naliogopa. Koplo Docus anayepokea barua za familia ni mtu mwema, lakini askari wa mlangoni huniuliza nakwenda kwa nani kwa namna inayonifanya nisahau jina lako. Mara iliyopita nilisema nakwenda kwa kaka. Akaniuliza kaka yupi, maana humo ndani wamejaa.

Ofisi yetu ya wapima ardhi imehamia ghorofa ya tatu kule Bugolobi. Mimi bado ni karani yule yule wa kupokea simu na kuandika nani amechukua mashine gani. Mzee Odyek, mkubwa wetu, akimpazia mteja sauti, mimi huanza kutafuta kosa langu mezani. Ulisema nitazoea. Huu ni mwaka wa pili.

Sasa jambo lenyewe. Siraje ameleta wazee wake. Wamekaa, wamekula, wamesema walichokuja kusema, na Mama amewapokea vizuri. Wanataka nikahi ifungwe kabla ya Septemba, kwa sababu mwezi huo anaanza mkataba wa kuendesha lori la Juba na hatakuwa akionekana mjini. Mimi nimekubali, Kaka. Naandika polepole ili nawe usome polepole: nimekubali, na hakuna aliyenisukuma.

Lakini Baba hayupo, na baada ya Baba walii wangu ni wewe. Bila neno lako sina wa kuniozesha. Sheikh wa msikiti wetu amesema si lazima uwepo. Andika mistari michache kwamba umempa Baba Mdogo wakala aniozeshe kwa niaba yako, utie sahihi, na wenzako wawili washuhudie. Karatasi hiyo tu. Nitaitunza kuliko cheti changu cha chuo.

Mdogo wako anayekuombea,
Lailah

*

Kituoni
20 Februari 2025

Kwako Bi Karani,

Salamu zako zimenifikia zikiwa na mchanga ndani ya bahasha, kwa hiyo najua zimesafiri kweli. Mimi mzima. Nakula, nalala kwa zamu, naota nyama ya mbuzi ya Mama. Mpishi wetu angepelekwa kuwapikia wale wa upande wa pili, vita vingekwisha wiki hii. Simu zetu bado amezifungia kamanda, basi usikae ukisubiri mlio. Mwambie Nabilah namletea wajina wangu kofia, na kama kichwa chake ni kikubwa kama changu anipe vipimo mapema.

Nina swali, na wewe ndiye uliyesoma fizikia mpaka mwili ukakupungua. Mwenzangu wa zamu anaitwa Wanjala, mtu wa Busia, mbishi kama karani wa mahakama. Kuna nyota moja inang'aa kuliko zote juu ya tangi letu la maji. Mimi naijua, ni Shira, ile iliyotajwa katika Qurani. Wanjala akaniambia mwanga wake umeondoka huko miaka mingi kabla sijafika hapa. Nikamwambia aache kuvuta anachovuta. Akaapa kwamba alifundishwa shuleni, na kwamba watu wanajua hata ni mbali kiasi gani.

Wanajuaje? Nani alivuta utepe mpaka kule? Sisi tuna kipimo chetu. Kombora likianguka mbali unaona mwako kwanza, halafu unahesabu mpaka mlio ukufikie. Kila sekunde tatu ni kilomita moja, au karibu na hapo. Vikija pamoja, huna tena haja ya hesabu. Lakini nyota haina mlio. Ni mwako mtupu. Sasa unaanza kuhesabu kutoka wapi? Nijibu vizuri, katika ubishi huu nimeweka sabuni yangu rehani.

Kuhusu Siraje. Ni yule golikipa? Aliyefungwa manne na vijana wa Bombo akadai jua lilimpiga machoni, na mawingu yalikuwa yametanda siku nzima? Haya. Mtu anaweza kuwa golikipa mbaya na mume mzuri, lango la mpira si mlango wa nyumba.

Karatasi haina haraka. Nimeomba likizo ya Agosti, nije mwenyewe. Walii humshika bwana harusi mkono, nami nataka kuushika ule mkono mbele ya watu, nimbane vidole kidogo, ajue umetoka nyumba gani.

Kaka yako,
Abdul-Latif

*

Makindye
12 Machi 2025

Kaka Latif,

Ramadhani yako iwe nyepesi, na futari isipikwe na yule mpishi. Hapa Mama anapika uji wa watu kumi, kisha anashangaa kwa nini umebaki. Baba Mdogo anafuturu kwetu kila jioni na kusema amepita tu. Siraje alileta tende. Mama alizihesabu mbele yake akiwa hajui kama anafanya hivyo, nami nilitamani kuingia chini ya mkeka.

Nilikwenda na swali lako kwa Mzee Odyek, kwa sababu niliogopa kukujibu makosa ukapoteza sabuni. Alicheka, kisha akanifungulia mashine yetu ya kupimia. Ni kama darubini fupi juu ya miguu mitatu. Mtu mmoja anaisimamisha hapa, mwingine anasimama kule ng'ambo na fimbo yenye kioo. Mashine inatupa mwanga, mwanga unapiga kioo na kurudi, nayo inapima muda uliopita. Mwendo wa mwanga unajulikana, haubadiliki: kilomita laki tatu kwa sekunde moja. Basi ukiujua muda umeujua umbali. Nikamwambia nimeelewa, nikakokotoa, nikapata kiwanja kikubwa mara mbili. Akasema, "Karani, mwanga haukulala huko. Umekwenda na umerudi. Gawa kwa mbili, la sivyo utamjengea mteja nyumba juu ya kaburi la mtu."

Mbinguni ni vivyo hivyo. Wale waliokwenda mwezini waliacha vioo huko. Mpaka leo watu wanapiga mwanga kutoka duniani, wanangoja, na unarudi baada ya sekunde mbili na nusu hivi. Gawa kwa mbili. Mwezi uko mbali kiasi cha sekunde moja na robo. Kwa Zuhura walipeleka mawimbi ya redio, ambayo ni ndugu wa mwanga na mwendo wao ni mmoja, wakangoja dakika kadhaa yakarudi. Kutokana na hapo walipata kwa uhakika umbali wa jua: dakika nane na kidogo. Maana yake jua unaloliona ni la dakika nane zilizopita. Likizimika sasa hivi, ungemaliza kunywa chai yako bila kujua.

Kwa Shira hakuna aliyepiga mwanga akangoja. Angengoja miaka kumi na saba. Nyota wanazipima kwa pembe: wanaitazama leo na kuitazama tena baada ya nusu mwaka, dunia ikiwa upande wa pili wa jua, waone imesogea kiasi gani. Kisha jibu wanalitaja kwa muda wa mwanga, kwa sababu kilomita zake haziandikiki. Shira ni miaka minane na nusu. Kwa hiyo Wanjala yuko sawa, nawe mpe sabuni. Mwanga unaouona juu ya tangi ulipoondoka kule, hukuwa umeingia jeshini, na Baba alikuwa hai akibishana nawe usiingie.

Nimekuwa nikifanya hesabu hii kwa mambo yasiyohusika. Koplo Docus aliniambia ndege ya vifaa huenda Alhamisi moja na kupumzika Alhamisi inayofuata, kisha barua hungoja msafara wa kwenda kituoni kwenu. Nimechukua siku niliyotuma na siku jibu liliponifikia, nikagawa kwa mbili. Uko wiki tatu na kitu kutoka hapa. Sijui ni wapi, lakini ni wiki tatu na kitu. Nilipopata hesabu hiyo nililala vizuri kwa mara ya kwanza tangu uondoke.

Karatasi, Kaka, hata kama unakuja. Likizo inaweza kukwama. Mimi ni mtu wa kuweka nakala, unanijua.

Lailah

*

Makindye
29 Aprili 2025

Kaka Latif,

Amani kwako. Mama anakusalimu. Idi ilipita vizuri, ulitengewa sahani yako kama kawaida na Baba Mdogo akaila kama kawaida.

Hujajibu. Najua ndege huchelewa, najua msafara husimama barabara ikiharibika. Nimejiambia yote hayo. Lakini wiki tatu za kwenda na wiki tatu za kurudi zimepita, na Mama sasa anaiacha redio wazi tangu asubuhi. Wakitaja Somalia hupunguza sauti badala ya kuongeza, kana kwamba habari ikisemwa kwa chini itakuwa ndogo.

Nilikwenda kwa Koplo Docus mara mbili. Mara ya kwanza alisema bado. Mara ya pili alisema bado bila kuinua uso, akawa anapanga bahasha ambazo tayari zilikuwa zimepangwa. Niliogopa kumwuliza zaidi. Nilitoka nikampa askari wa mlangoni shukrani ambazo hakuniomba.

Kazini nilimpa kijana wa uwandani kioo kisichokuwa cha mashine yake, wakaenda nacho mpaka Mukono na kurudi bure. Nilingoja kufukuzwa. Mzee Odyek alinitazama, akaniuliza kaka yangu ameandika lini mara ya mwisho, akaniambia nikanywe chai.

Usiniandikie kuhusu karatasi kama hutaki. Andika jina lako tu.

Lailah

*

26 Mei 2025

Lailah,

Salamu kwa Mama na kwa wote. Mimi mzima. Usiwe unakwenda kambini kila siku, utawachosha watu.

Nilikuwa na kazi nyingi. Barua zako zote mbili nimezipata pamoja. Yale ya mwanga nimeyaelewa, nimeyasoma mara nyingi kuliko unavyofikiri. Hapa muda upo.

Likizo zimesimamishwa. Waambieni wazee wa Siraje wasubiri mpaka mwisho wa mwaka. Karatasi sitaandika. Mwambie Mama nakula vizuri, na huo si uongo, chakula kimekuwa bora.

Latif

*

Makindye
4 Agosti 2025, Jumatatu

Kaka Latif,

Amani kwako, na samahani kama barua hii itakukuta mahali pagumu. Mama ni mzima. Goti limerudi kuuma lakini anasema ni la mvua. Wajina wako ameota jino, na analitumia.

Barua yako ya Mei ilifika katikati ya Juni. Ya pili ilifika Julai, fupi kuliko ya kwanza. Nimezisoma nikitafuta mtu aliyeweka sabuni rehani na sikumwona. Hujataja Wanjala. Hujauliza tena kuhusu nyota, wala hujabisha, na wewe hubisha hata ukikubali. Nilijiambia umechoka. Kisha nikajiambia humtaki Siraje na unaona haya kusema. Kama ni hivyo, sema. Nitalia siku mbili kisha nitakusikiliza.

Lakini wazee hawasubiri tena, na hili ndilo ninalokuandikia. Jana Baba Mdogo alimleta Sheikh nyumbani. Alieleza kwamba walii yuko vitani, ameombwa wakala tangu Januari na hajautoa, na bwana harusi anaondoka Septemba. Sheikh alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, kwa mafundisho tunayoyafuata, walii akiwa mbali, umbali wa msafiri kufupisha sala au zaidi, na hakumwachia mtu wakala, kadhi anaweza kuozesha badala yake. Akiwa karibu hapana, hata akinyamaza. Akiwa karibu lazima afuatwe aulizwe, maana haki ni yake na hainyang'anywi kwa sababu watu wana haraka.

Kisha akanigeukia mimi. "Binti, kaka yako yuko mbali au yuko karibu?"

Kabla sijafungua mdomo Mama alishasema Somalia, na Baba Mdogo akaongeza, "Umbali gani zaidi unautaka, Sheikh? Mwezini?" Watu walicheka. Siraje hakucheka, alikuwa ananitazama. Mimi nilisema, yuko mbali.

Wameweka Jumapili ya tarehe 24 mwezi huu. Kadhi ataushika mkono wa Siraje. Najua barua hii haitakufikia kabla ya siku hiyo. Nimeandika tu ili usije ukasema hukuambiwa.

Lailah

*

6 Agosti 2025

Lailah,

Usikubali. Simama uwaambie hapana.

Siraje sijamkataa. Ni kijana mzuri, mwambie nimesema hivyo. Lakini kadhi asishike mkono wa mtu kwa ajili ya dada yangu mimi nikiwa hai. Baba aliniambia jambo moja tu kabla hajafa, kwamba nikuozeshe mwenyewe, nawe ulikuwepo. Tarehe 24 si lazima. Wanipe mpaka Desemba. Lori la Juba linarudi kila mwezi, halijaenda peponi.

Mwambie Baba Mdogo apunguze mzaha. Usiniulize sababu. Subiri tu.

Latif

*

Bugolobi, nje ya lango la hospitali
12 Agosti 2025, Jumanne

Kaka yangu,

Sikuanza na salamu kwa sababu sijui nikusalimu vipi. Acha nianze na hesabu, huko nina ujasiri kidogo.

Barua yako ilinifikia Ijumaa. Niliisoma nimesimama, nikafurahi kwamba humkatai Siraje, nikaikunja. Ilikuwa imeshakunjwa nilipofikiri: amejuaje tarehe 24? Nikaikunjua. Mimi nilikuandikia Jumatatu. Wewe umenijibu Jumatano. Ijumaa nimekusoma. Kwenda na kurudi ni siku nne, na ukigawa kwa mbili ni siku mbili, na katika siku hizo barua imelala mezani kwa watu. Wiki hiyo ilikuwa ya ndege kupumzika. Nilikagua mara tatu nikitafuta kosa langu, maana kwa kawaida kosa huwa ni langu.

Mei na Juni uliweka barua zangu na majibu yako ukasubiri, sivyo? Ulizikalia mpaka wiki zitimie, ili uonekane bado uko kule. Mara hii umeogopa, ukajibu hapo hapo. Umesahau kwamba ni wewe uliyeniuliza wanahesabu kutoka wapi.

Nilijua basi kwamba uko karibu, lakini kulijua hilo hakukunifurahisha. Ungekuwa kambini ungekuja nyumbani kwa miguu. Askari aliye karibu na hawezi kufika kwa mama yake yuko katika moja ya sehemu mbili. Nilikaa na sehemu hizo mbili Jumamosi yote na Jumapili yote, nikipika, nikitabasamu kwa shangazi zake Siraje waliokuja kupima mlango wa kuingizia meza. Sikumwambia mtu.

Jana nilikwenda kwa Koplo Docus. Sikumwuliza uko wapi, ili asilazimike kusema uongo. Nilimwuliza barua yangu iliondoka na gari gani. Alifunga droo, akaifungua, akaifunga. Akasema, "Nyabo, dada, mimi hapana sema kitu. Mimi nasema tu gari ya hospitali inabeba barua kila asubuhi. Ile ndege ya Somalia, siku yake unajua." Kisha akaniuliza kama nimekula. Nilipofika barabarani nilishukuru kwamba ni hospitali na si jela, halafu nikajichukia kwa kushukuru.

Unajua ofisi yetu iko ghorofa ya tatu. Kutoka dirisha langu naona mapaa ya hospitali yenu ya jeshi mlimani. Nimekaa nayatazama tangu sijui lini, nikiandika nani amechukua mashine gani. Leo asubuhi Mzee Odyek alinikuta nimesimama pale, akaniuliza nini. Nilimwambia nahitaji ruhusa. Ni mara ya kwanza kumwomba. Alisema nenda, hakuuliza saa ya kurudi.

Sasa nimekaa kwenye benchi la wageni. Askari wa hapa ameniuliza nakwenda kwa nani, nikataja jina lako lote na namba yako, mara hii sikusahau. Ameangalia kitabu chake. Amesema mgonjwa ameandikisha kwamba hapokei wageni, hata ndugu, hasa ndugu. Nikamwomba apeleke karatasi. Amesema karatasi si mgeni.

Sijui umepatwa na nini. Docus hakusema nami sikumwuliza. Labda ni uso, labda ni mikono, ingawa mwandiko ni wako. Labda ni kitu ambacho hakionekani. Sikuja kukulazimisha unionyeshe. Kama hutaki nikuone, nitaondoka, na Mama sitamwambia mpaka useme. Hilo naweza kulibeba, ingawa vibaya.

Kuna jambo moja ambalo siwezi. Sheikh aliniuliza mbele ya watu kama uko mbali au karibu, nami nikajibu. Siku ile nilisema kweli kwa kadiri nilivyojua. Sasa najua zaidi. Ijumaa baada ya sala nitamwendea nimwambie walii wangu yuko karibu, na kadhi hana haki ya kushika mkono wa mtu. Baba Mdogo atapiga kelele, wazee wa Siraje watadhani tumewachezea, na huenda Siraje akaenda Juba bila mimi na asirudi na neno lile lile. Nimeliwaza hilo usiku na mchana. Lakini siwezi kuingia katika ndoa kupitia neno ninalojua si kweli. Ningeamka kila siku nikilitafuta kosa, na mara hii lingekuwepo.

Kwa hiyo nakuuliza kama inavyotakiwa walii aulizwe, naye yuko karibu. Je, unaniozesha kwa Siraje? Ukisema hapana, nitaheshimu. Ukisema Desemba, nitawaambia Desemba. Lakini sema wewe, na useme kwa sababu iliyo ya kweli.

Askari ameniambia wodi yenu wanakula saa saba. Nitangoja mpaka mle. Nitangoja hata baada ya hapo.

Lailah

*

Nyuma ya karatasi hiyo hiyo

Lailah,

Nimeisoma mara moja tu, maana huyu askari amesimama ananingoja.

Ni mguu wa kulia, chini ya goti. Gari lilikanyaga kitu, mwezi wa tatu. Wanjala alikuwa upande wa dereva. Kwao Busia wameshamzika, ndiyo sababu sikumtaja. Sabuni sikuwahi kumpa.

Wananitengenezea mguu wa bandia. Wanasema Desemba nitatembea nao bila magongo. Nilitaka nikuozeshe hivyo, nipite katikati ya watu, nisimame, nimshike mkono. Sikutaka Mama aanze kunilisha kwa kijiko. Sikutaka wazee wa Siraje waone walii wa bibi harusi anasukumwa kwenye kiti cha magurudumu, waanze kunong'ona kwamba binti anaolewa ili familia ipate mtu wa kuitunza. Hiyo ndiyo sababu, na sina nyingine. Nimeitazama sasa ikiwa imeandikwa, naona ni ndogo kuliko nilivyodhani nilipokuwa nimeilalia.

Nakuozesha. Jibu langu ni hilo. Tarehe 24 ibaki. Nitakuja na kiti, na kama yupo wa kunong'ona, anong'one nikiwepo. Kadhi abaki kwake.

Mwambie Sheikh Ijumaa. Siraje aje kesho peke yake, bila wazee, nina maswali ambayo nisingeyauliza kwenye barua inayosomwa na watu. Mama mwambie wewe leo. Mimi sitaweza, na wewe unaogopa kila kitu lakini mambo unayafanya. Usimsimulie kana kwamba mimi sipo tena. Mwambie nacheka, mwambie nimenenepa.

Nimefuta lile agizo la wageni. Wodi ya pili, kitanda cha dirishani. Ukiingia, anza na uso wangu. Mengine tutayatazama pamoja, mimi nawe, kabla Mama hajafika.

Latif